Meno ya Maji ya Chai: shajara ya kung'arisha meno nyumbani, Januari hadi Juni 2025

Januari 12: Tunapoanzia

Mimi ni fundi rangi. Nimezaliwa Maji ya Chai, barabara ya Arusha kwenda Moshi, na sasa tunaishi Usa River, kilomita chache tu kutoka hapo. Mtu wa huku akisikia "meno ya Maji ya Chai" haulizi swali la pili. Kwa wa mbali: maji ya mitelemko ya Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mito na visima vyetu vingi vinazidi kikomo hicho, vingine mara nyingi. Floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo usiilaumu rangi ya mto. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, enameli, lile ganda gumu la nje, inatoka na vitundu vidogo mno. Jino likishaota, vitundu hivyo vinanyonya rangi ya chai na vyakula mwaka hadi mwaka. Kwangu kato (meno ya mbele ya kukatia) mbili za juu za katikati zina mkanda wa kahawia kama mbao iliyovuja mvua.

Mke wangu ni wa Tanga. Meno yake yalijengeka vizuri, ila anakunywa chai ya rangi mara nne kwa siku, na utando wa chai umejikita kwenye mipaka ya meno na nyuma ya meno ya chini.

Nyumba moja, vinywa viwili, madoa ya asili mbili. Ndiyo maana nimeona niandike. Kila anayesifia dawa ya nyumbani anasema "ilinifanyia kazi" bila kusema meno yake yalichafuka kwa nini.

Utaratibu: njia moja kwa wakati mmoja, wiki mbili kila moja. Upande wa kushoto ndio wa majaribio, kulia ni mswaki na dawa ya kawaida tu. Picha kila Jumapili asubuhi. Kwa kupima nimechukua kadi ya rangi za ukuta, ukurasa wa nyeupe na krimu, nikaikata vipande 12 na kuvipa namba: 1 ni nyeupe kabisa, 12 ni krimu iliyoiva. Madaktari wana kadi yao ya VITA yenye vivuli 16, kuanzia A1 hadi D4, lakini mimi ninazo za dukani na macho yangu yamezizoea.

Vipimo vya leo: mke wangu namba 7. Mimi namba 8 kwenye sehemu safi. Mkanda wa kahawia hauko kwenye kadi kabisa, umepita 12.

Gharama mpaka sasa: hakuna.

Januari 19: Picha zote nimefuta

Picha za wiki iliyopita nilipiga usiku, taa ya sebuleni, simu ikiwa imejipangia rangi yenyewe. Nilipozilinganisha na za juzi, meno ya mke wangu yalikuwa yameng'aa ngazi tatu bila kufanya lolote. Fundi rangi mzima, ninayemwambia kila mteja asichague rangi chini ya taa ya dukani!

Marekebisho: dirisha la jikoni, saa 3 asubuhi, taa zimezimwa, karatasi nyeupe imeshikwa chini ya kidevu ili ionekane kwenye kila picha. Karatasi ikitoka ya njano, picha hiyo haihesabiwi. Vipimo vya Januari 12 nimevipima upya kwa dirisha na vimebaki vilevile.

Februari 2: Mkaa

Wiki mbili zimekwisha. Nilianza na mkaa wetu wa jikoni, nikautwanga na kuuchuja kwa kipande cha kanga. Wiki ya pili nikanunua unga wa mkaa wa dukani, kopo dogo, shilingi 7,000, kwa sababu wa kwangu ulikuwa unakwaruza mpaka unasikia kwenye fuvu.

Kwa mke wangu utando wa chai umepungua upande wa kushoto, hilo linaonekana. Namba 6. Kwangu sehemu safi imesogea kutoka 8 kwenda 7, mkanda wa kahawia haujatikisika.

*(Nimeongeza Aprili 13: hiyo 7 yangu ni ya uongo. Sababu iko huko chini.)*

Kilichonitia wasiwasi ni mkwaruzo. Nina vibao vya sampuli nilivyopaka rangi ya mafuta inayong'aa, vya kuwaonyesha wateja. Nikachukua kimoja, nikasugua kona moja kwa mkaa wangu, kona ya pili kwa mkaa wa dukani, ya tatu kwa dawa ya meno ya kawaida, mswaki uleule, mizunguko mia mia. Kona ya mkaa wangu iling'olewa mng'ao ikawa kama imepitiwa msasa. Ya mkaa wa dukani imefifia kidogo. Ya dawa ya kawaida, ukiinamisha kibao kwenye mwanga ndipo unaona alama. Najua enameli ni ngumu mara nyingi zaidi ya rangi ya mafuta, sisemi kibao ni jino. Lakini rangi ikipoteza mng'ao nitapaka tena. Enameli hairudishwi na fundi yeyote.

Baadaye nimesoma kwamba jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti za mkaa mwaka 2017, na waandishi hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha wala kwamba ni salama. Uchafu nao ni kero: weusi unaingia kwenye mpaka wa ufizi na kuzunguka jino la mke wangu lililozibwa, na sinki letu linataka kusuguliwa kila asubuhi.

Jambo moja pembeni, maana jirani kaniuliza. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unanasa floraidi kwenye *maji*, na kituo cha Ngurdoto hapa kwetu kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Huo ni mchujo wa maji. Haimaanishi mkaa wa jikoni utaivuta floraidi kutoka kwenye jino lililokwisha kujengwa.

Gharama: 7,000.

Februari 16: Baikaboneti, na kosa la magadi

Hapa tulikaribia kuumia, kwa hiyo nakwenda polepole.

Maelekezo mengi ya Kiswahili yanasema "sugua kwa magadi". Kwetu neno magadi linabeba vitu visivyopungua vitatu. Kuna magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage na makande. Kuna magadi soda ya unga, ambayo mafundi batiki wanaijua vizuri. Halafu kuna baikaboneti, ile ya kuumulia keki na maandazi. Mimi nilimtuma kijana dukani alete "magadi soda ya meno", muuzaji akampimia ya batiki kwenye mfuko wa nailoni usio na jina.

Mke wangu ndiye aliyeanza. Sekunde kumi hazikupita, akatema na kuwahi bombani. Ufizi ulikuwa umekuwa mwekundu na utelezi kama aliyelamba sabuni. Alisukutua maji mengi, jioni akawa sawa, ila kwa siku mbili hakula pilipili na mimi sikusemeshwa vizuri. Magadi soda ile ni kaboneti. Ukali wake kwenye kipimo cha pH, ambacho 7 ni maji safi, juu yake ni alkali na chini yake ni asidi, unafika karibu 11. Baikaboneti ni kama 8.3 tu. Namba hizo zinaonekana jirani, lakini kila namba moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi.

Marekebisho: nunua kopo au pakiti yenye jina lililochapwa, ya kuokea. Yetu ilikuwa shilingi 1,500. Kijiko nusu cha chai, matone ya maji, mswaki laini, dakika moja, mara tatu kwa wiki.

Matokeo kwa mke wangu ni mazuri kuliko mkaa. Utando wa chai upande wa mbele umekwisha karibu wote, namba 5. Kwenye kibao changu cha sampuli, kona ya baikaboneti haikupoteza mng'ao, na si ajabu: chembe zake ni laini na zinayeyuka kwenye mate. Kwangu mimi, mkanda uko palepale. Nimeanza kuelewa kwamba ninaosha ukuta kwa nje wakati unyevu uko ndani ya plasta.

Gharama: 1,500. Jumla 8,500.

Februari 23: Ndimu. Tumesitisha siku ya tatu

Kwanza tulichanganya ndimu na baikaboneti kama inavyopendekezwa kila mahali. Inachemka, inapendeza kuitazama, na yale mapovu ndiyo vitu viwili vinauana. Mapovu yakiisha umebaki na maji ya chumvichumvi.

Basi nikajaribu ndimu peke yake, mimi tu, mke wangu alikataa. Siku ya kwanza meno yalihisi safi, yale ya kufanya "kwi-kwi" ukipitisha ulimi. Siku ya pili ganzi. Siku ya tatu nilikunywa maji ya mtungi na kato ya kushoto ikanipiga mpaka sikioni. Nikaacha.

Wiki hiyohiyo binti yetu, ana miaka sita, aling'oka jino la mbele la chini. Jino la utoto kwetu linarushwa juu ya bati, na yeye alikuwa amekwisha kusimama uani tayari kurusha. Nikamwomba aniazime kwa usiku mmoja. Mama yake alinitazama jicho ambalo sitaliandika.

Nililiweka kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo, nikakamulia ndimu moja na nusu mpaka likafunikwa. Mara vikaanza kupanda viputo vyembamba kutoka kwenye jino, kama soda iliyokaribia kuisha gesi. Asubuhi nililitoa kwa kibano. Jioni iliyotangulia lilikuwa linang'aa kama punje ya mchele uliopikwa. Sasa lilikuwa jeupe, ndiyo, jeupe kweli, lakini weupe wa chaki, umefifia, na nilipopitisha ukucha ulitoka unga. Binti akauliza, "Baba, umelipika?"

Juisi ya ndimu ina pH kama 2 na kidogo. Enameli inaanza kuyeyuka ikishuka chini ya 5.5 hivi. Anayesema ndimu inang'arisha hasemi uongo kabisa: inang'arisha kwa kuuchimba ukuta.

Jino tumelirusha juu ya bati likiwa katika hali hiyo.

Gharama: ndimu 500. Jumla 9,000.

Machi 30: Ramadhani na mswaki wa mti

Mwezi mzima hatukujaribu kitu kikali. Nilihitaji ganzi iondoke. Nilinunua dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, shilingi 12,000, nikawa napaka kidogo kwa kidole kabla ya kulala bila kusukutua. Ilichukua kama siku kumi kutulia.

Mchana tulitumia mswaki wa mti, vijiti 12 kwa shilingi 6,000. Usitafune kijiti kikavu. Loweka ncha kwanza, menya gamba sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zifunguke kama brashi mpya, na ukate ncha kila siku. Pitisha kutoka ufizini kwenda ncha ya jino, si kushoto kulia kama unapiga deki.

Mke wangu amebaki 5 bila kurudi nyuma, japo sehemu ya sifa ni ya saumu, maana chai nne zimekuwa mbili. Kwangu rangi ni ileile, ufizi umeacha kutoa damu.

Jumla 27,000.

Aprili 13: Karatasi za kubandika, dawa ya zambarau, na uongo wa jino kavu

Baada ya Idi nilinunua mtandaoni karatasi za kung'arishia, za kubandika menoni, shilingi 35,000. Boksi zuri, picha ya mtu anayecheka, na hakuna mahali palipoandikwa ndani mna nini wala asilimia ngapi. Nilipaswa kuishia hapo. Ulaya, tangu mwaka 2012, bidhaa ya meno yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni paroksaidi, kemikali ya kupaushia rangi, haiuzwi moja kwa moja kwa mtu; kuanzia hapo hadi asilimia 6 lazima ianzie mikononi mwa daktari. Kwa hiyo boksi lisilotaja namba ama lina kitu dhaifu ama lina kitu usichokijua.

Nilibandika dakika 30, midomo wazi, nikaenda dirishani. Namba 5! Kutoka 8! Nikamwita mke wangu, nikapiga picha saba, nikamtumia mdogo wangu. Baada ya chakula cha mchana nikapima tena nimtambie mke wangu. Namba 8.

Nilikaa kizingitini nikifikiri, mpaka nikaona ukuta wa jirani aliopaka chokaa asubuhi. Upande uliokauka ulikuwa mweupe, upande mbichi wa kijivu. Chokaa ni ileile. Ikiwa na maji kwenye vitundu vyake, mwanga unapenya. Maji yakitoka hewa inaingia, mwanga unatawanyika, unaona nyeupe. Jino nalo hivyohivyo. Nikajaribu bila karatasi, bila dawa: nilikaa midomo wazi dakika 15 nikipumulia kinywa kama mtu mwenye mafua, nikapima. Namba 6. Nikanywa maji, nikasubiri. Namba 8.

Kwa hiyo:

Ile 7 yangu ya mkaa ilitokana na kukaa mdomo wazi nikitafuta pembe nzuri ya picha. Nimeikata kwenye daftari. Picha zile nzuri za "kabla na baada" zinazopigwa dakika ileile karatasi inapobanduliwa, sasa najua zinapimaje. Na enameli yenye vitundu kama yangu inadanganya zaidi, maana ina nafasi nyingi ya kuingiza hewa.

Kanuni mpya: funga mdomo dakika tano, lamba meno, fungua, piga picha ndani ya sekunde tano. Vipimo vya mke wangu nimevirudia kwa kanuni hiyo, navyo vimesimama kwenye 5. Utando wake ulitoka kweli.

Dawa ya meno ya zambarau (25,000) sitaipotezea maneno. Inafanya kazi kama buluu ya kufulia. Bibi zetu walitia buluu kwenye shuka nyeupe, na mimi hutia tone la bluu kwenye rangi nyeupe iliyopigwa na njano. Jicho linadanganyika mpaka utakapokunywa chai. Kwa harusi ya jioni inatosha, mradi ujue umejipodoa.

Jumla 87,000.

Aprili 20: Paroksaidi ya chupa

Haidrojeni paroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, 2,500 duka la dawa. Nilichanganya nusu kwa nusu na maji, nikasukutua dakika moja, jioni jioni, siku saba. Inatoa povu tele, na povu hilo linatokana zaidi na mate na ufizi kuliko meno. Kufika jino inafika, kukaa haikai. Mate yanaifagia ndani ya dakika. Siku ya tano pembe za ufizi zilikuwa nyeupe na zinawasha, siku ya saba nikaacha. Zilirudi rangi yake kesho yake.

Mkanda, kwa mara ya kwanza, nadhani umelegea kidogo sana. Au natamani tu. Sijaandika namba.

Jumla 89,500.

Aprili 27: Tumekwenda kliniki

Tulipaswa kuanza huku. Kumwona daktari 15,000 kila mmoja. Daktari, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, alitazama kwa kioo chake, akapuliza hewa kwenye jino langu likauke, akaniuliza, "Kaka, ndimu umetumia lini?" Sikuwa nimetaja ndimu. Alinionyesha kwenye kioo sehemu ya kato ya kushoto iliyopoteza mng'ao.

Mke wangu alisafishwa ugaga, 50,000, nusu saa. Alitoka namba 4, na nyuma ya meno ya chini, ambako mkaa na baikaboneti havikufika katika miezi mitatu, pakawa safi. Daktari akamwambia jino lake ndiyo rangi yake hiyo, ya kuzaliwa, na hakuna la kuongeza asipotaka. Hakutaka. Mradi wake umeishia hapo, na amenikumbusha mara mbili tangu jana kwamba ufizi wake uliungua bure.

Mimi nilisafishwa pia, 50,000, bila mabadiliko kwenye mkanda, kama ilivyotegemewa. Kisha akanieleza njia ya trei za usiku: alichukua umbo la meno yangu kwa ule uji wa waridi unaoganda, zitatengenezwa trei mbili za plastiki nyembamba zinazokaa juu ya meno yangu tu, ndani unatia jeli ya kabamidi paroksaidi ya asilimia 10, unalala nayo. Jeli hiyo inatoa takriban asilimia 3.5 ya haidrojeni paroksaidi, nguvu ya ile chupa yangu hivi, ila hii inakaa juu ya jino saa kadhaa badala ya dakika moja.

Nimesoma asili yake na imenifurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa kupanga meno huko Arkansas, Marekani, Bill Klusmier, alimpa mgonjwa dawa ya ufizi yenye kabamidi paroksaidi aitie kwenye kifaa chake cha usiku. Ufizi ukapona, na meno yakawa meupe bila kutarajiwa. Haywood na Heymann ndio walioiandika kitaalamu, mwaka 1989.

Trei mbili na jeli: 250,000. Jumla 469,500. Nimeahirisha kununua ngazi mpya.

Mei 11: Wiki ya kwanza na trei. Nimekuwa mbaya zaidi

Nilionywa na bado nilishtuka. Usiku wa tano niliamka na meno yenye mabaka meupe, kama ukuta uliopakwa kwa rola iliyokauka. Floraidi huacha mabaka meupe pia, si kahawia peke yake, na jeli inayaamsha kabla haijaigusa kahawia. Sehemu safi ilikuwa 6, mabaka 1, mkanda bado upo. Rangi tatu kwenye jino moja. Mteja wangu wa Tengeru aliniuliza kama nimekula chokaa.

Daktari kwa simu: "Usiache katikati. Jino lote likipanda, mabaka yatapungua kuonekana."

Makosa mawili ya wiki hii. Nilijaza jeli kama ninavyojaza plasta, ikafurika, ufizi ukachomwa. Kinachotakiwa ni tone la ukubwa wa punje ya mchele kwa kila jino, na ziada unaifuta kwa kidole kabla ya kulala. La pili, nililala nayo kila usiku wakati kato ya ndimu ilikuwa bado na kinyongo. Usiku wa sita ganzi ikaja kama shoti. Sasa nafanya usiku mmoja jeli, usiku mmoja trei hiyohiyo na dawa ya potasiamu naitreti kwa nusu saa. Imetulia.

Juni 8: Wiki ya tano

Picha za dirishani, mdomo umefungwa kwanza: sehemu safi 4. Mkanda, ambao Januari haukuwa kwenye kadi, leo ni 9. Umetoka kwenye chai ya rangi ukawa chai ya maziwa. Mabaka meupe yapo ila hayapigi kelele, kwa sababu jirani zake nao wamepanda.

Kuna vistari viwili vya kahawia nzito katikati ya mkanda ambavyo havijaguswa. Daktari anasema hapo rangi imeshika kwenye tabaka lenye mashimo, na kinachofuata ni kusuguliwa kwa unga wa pamisi (jiwe jepesi la volkano) na asidi ya haidrokloriki, kidogo mno, ufizi ukiwa umefunikwa kwa mpira. Hiyo ni kazi ya kliniki. Naandika kwa herufi za kawaida lakini isome kama imeandikwa ukutani: ile asidi ya kusafishia choo iliyoko dukani ni jamaa yake, usiisogeze kinywani.

Jeli imekwisha. Nasimama.

Juni 29: Wiki tatu baada ya kusimama

Nilingoja makusudi. Rangi inarudi nyuma kidogo siku za mwanzo kisha inatulia, na kupima kabla ya wiki mbili ni kujidanganya kama na zile karatasi. Sehemu safi 5. Mkanda 9 vilevile. Mke wangu 4, amerudia chai tatu kwa siku na anapiga baikaboneti mara moja kwa wiki.

Kati ya 469,500, naweza kutaja 70,000 zilizokwenda bure kabisa: mkaa wa dukani, ndimu, karatasi, zambarau, chupa ya paroksaidi. Vya mke wangu vilivyofanya kazi ni baikaboneti ya 1,500 na kusafishwa kwa 50,000. Changu ni trei, basi. Pamisi na asidi nitafanya mwezi wa tisa, kazi ya kupaka shule ikinilipa, nami nitaongeza hapa.

Kitu kingine. Jino la binti, lile jipya lililoota mahali pa lile nililolipika, limefika juu. Ncha yake ina vijino vidogo kama msumeno, yanavyokuwa meno mapya yote ya mbele. Leo saa 3 nilimpeleka dirishani, nikamwambia afunge mdomo, alambe, afungue. Safi. Nikalikausha kwa pamba, nikangoja kidogo. Nyuzi nne nyeupe, nyembamba, zimelala upande kwa upande.

Tulihamia huku akiwa na miaka miwili, na tangu siku ya kwanza anakunywa maji ya mvua kutoka kwenye simtanki. Nilidhani hilo tumelimaliza. Mke wangu akahesabu kwa vidole: uji unapikwa kwa maji ya kisima. Wali, kisima. Na makande yana magadi ya mawe, ambayo nayo huja na floraidi yake. Kuyachemsha maji hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki.

Baadhi ya magego yake bado yanajengwa ndani ya taya kwa miaka miwili hivi ijayo. Nimeongeza bomba la pili kutoka simtanki mpaka jikoni, paipu na koki 18,500, na maharage tunayaloweka usiku kucha. Kopo la magadi nimelihamishia stoo, kwenye rafu ya tinta na msasa.